Jino la Otodus kutoka Oued Zem: dogo, lina pengo, na ni zima

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asipoteze muda wake. Kama uko Morocco na unataka jino la papa wa kale, usilinunue kwenye soko la watalii. Panda gari uende Khouribga au Oued Zem, kusini-mashariki ya Casablanca, kwenye nchi yenyewe ya madini ya fosfati, ukachague jino dogo ambalo limebaki kama lilivyotoka ardhini. Langu, la papa wa kale aitwaye Otodus, lina sentimita 6.2 kutoka ncha hadi pembe ya mzizi. Nililipa dirhamu 120, karibu dola 12. Jino nalipatia nyota 5. Duka nalipatia 4, na sababu ya ile moja nitaieleza.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa meno hapa Casablanca, mwaka wa nne. Kwetu ni Tanga, Chumbageni. Baba alivua kwa jarife, wavu wa samaki wakubwa, miaka mingi mpaka mgongo ulipomkatalia, na mimi nimekua nikiona papa wakipasuliwa, wakitiwa chumvi na kuanikwa. Taya za papa tulizichezea utotoni kama watoto wengine wanavyochezea magari ya mabati. Kwa hiyo jino la papa kwangu si pambo la shingoni tu. Nalijua kwa mkono kabla ya kulijua kwa kitabu, na ndiyo maana kosa la mara ya kwanza liliniuma sana.

Ilikuwa Marrakech, likizo, niko na wenzangu watatu wa hosteli. Kaka yangu anafundisha baiolojia sekondari huko Korogwe, alikuwa ameniomba nimtafutie kisukuku chochote, mabaki ya kiumbe wa kale, cha kuwaonyesha wanafunzi wake. Kwenye kibanda kimoja ndani kabisa ya soko nikaona jino la sentimita 11, rangi ya asali, limesimama kwenye kigingi cha waya. Muuzaji akaniambia, "Megalodoni halisi, ya ukhti." Megalodoni ni yule papa jitu wa kale ambaye kila mtalii anataka jino lake. Alianza na dirhamu 900, tukaishia 500. Hela ya chakula ya zaidi ya wiki mbili. Nililifunga kwenye mtandio nikalibeba mapajani njia nzima ya kurudi.

Usiku ule ule, hosteli, nikaliweka chini ya taa ya mezani na lenzi ninayotumia maabara. Kwanza nikaona mpaka kati ya taji, ile sehemu inayouma, na mzizi umenyooka kupita kiasi, kama umechorwa kwa rula. Jino la kiumbe halina mstari wa namna hiyo. Halafu mzizi. Mzizi wa jino la papa ukiutazama kwa karibu una vitundu vidogo vidogo, mikwaruzo, na njia zilimopita mishipa. Huu ulikuwa na chembe za mchanga zimelingana, zinang'aa, zimekaa ndani ya kitu laini. Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha, nikaishikilia pale kwa dakika tano. Ilipotoka ilikuwa ya kahawia, na chini yake mzizi ulikuwa umekuwa uji. Mwenzangu ana tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Tulipozima taa na kulimulika, taji lilibaki limefifia, lakini mzizi mzima na ufito mmoja katikati ya taji viliwaka rangi ya maziwa. Ilikuwa ni gundi. Taji lilikuwa la vipande viwili, na sina hakika kama vilitoka kwenye jino moja. Kijino kilichosimama pembeni mwa taji, upande wa kulia, kilikuwa jino jingine dogo kabisa, limebandikwa kwa ubavu.

Sisi kazini tunajenga meno ya bandia, tunalinganisha rangi na la jirani, tunaficha maungio. Ile ilikuwa kazi ya fundi hodari. Ila mgonjwa wangu anajua kwamba jino lake ni la bandia. Mimi sikuambiwa.

Na hata jina halikuwa lenyewe. Hili ni jambo ambalo mnunuzi anaweza kulipima kwa ukucha tu, bila lenzi wala asetoni. Pitisha ukucha ukingoni mwa taji, kutoka juu kwenda chini. Ukikwaruza kama unapitisha kwenye msumeno mdogo, huenda ni megalodoni. Ukiteleza kama kwenye kisu kilichonolewa, na pande mbili za taji pana vijino viwili vimesimama kama masikio ya paka, mkononi una Otodus obliquus. Jina lenyewe linasema hivyo. Louis Agassiz, mtaalamu wa samaki wa kale kutoka Uswisi, alipoipa jenasi hii, yaani ukoo huu wa papa, jina mwaka 1838 aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, sikio na jino. "Obliquus" ni Kilatini, maana yake lililoinama upande. Jino-sikio lililoinama: ukilishika unaona ameita sawasawa.

Otodus huyu aliogelea baharini miaka milioni 60 hadi 50 hivi iliyopita, dinosaria wakubwa wakiwa wamekwisha. Bahari ilikuwa imefunika sehemu hii ya Morocco, na si hapa tu. Meno yake yamepatikana hadi kwenye udongo wa mfinyanzi wa London, Kazakhstan na mashariki ya Marekani. Wanaokadiria ukubwa wake kwa meno humpa mita 8 hadi 9. Papa mweupe mkubwa wa leo hufikia mita 6 hivi. Megalodoni alikuja baadaye sana, na akatoweka karibu miaka milioni 3.6 iliyopita. Wataalamu wengi wanamhesabu katika ukoo huu huu wa Otodus, kwa sababu meno yanaonyesha njia: kingo laini zikaanza kuota misumeno, kwanza michache isiyo na mpangilio, kisha ukingo wote, na vile vijino vya pembeni vikawa vinapungua kizazi baada ya kizazi mpaka vikapotea. Wengine wanamweka kwenye jenasi nyingine, Carcharocles. Kwa mnunuzi jambo kubwa ni hili: tabaka za fosfati za Khouribga ni za kale kumzidi megalodoni kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Anayekuuzia megalodoni wa Khouribga, ama hajui anachouza au anajua vizuri.

Kwa nini meno tu? Wanafunzi wa kaka yangu waliuliza hivyo, na jibu lipo kwenye sahani ya kila mtu. Papa hana mfupa. Kiunzi chake chote ni gegedu, ile nyama ngumu nyeupe unayotafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Akifa, gegedu linaoza na kutawanyika. Zinabaki pingili za uti wa mgongo mara mojamoja, zile zilizokuwa zimeingiwa na chokaa, na yanabaki meno. Meno yenyewe hayahesabiki. Sisi tuna awamu mbili, ya utoto na ya ukubwani, basi. Papa safu zake zinasogea mbele maisha yote: la mbele likidondoka, la nyuma limeshaamka. Na halikuchimbiwa kwenye taya kama letu, limeshikwa na ufizi tu, ndiyo maana linatoka kirahisi na likiwa na mzizi wake mzima. Kitu kimoja kilinifurahisha sana nilipokisoma kwenye masomo yangu: gamba la nje la jino la papa limejengwa kwa madini yenye floraidi ndani yake tangu mwanzo. Sisi tunapaka floraidi kwa dawa ya mswaki ili tupate kidogo cha namna hiyo.

Basi, mara ya pili. Ulipita mwaka kabla sijathubutu tena. Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa Khouribga, ndiye aliyenitoa hofu. Akaniambia, kwao meno haya huuzwa kwa kilo yale madogo, na watu wanaoyauza wamezaliwa juu yake. Tulikwenda Jumamosi, treni mpaka Khouribga na kisha teksi ya kuchangia hadi Oued Zem. Njiani unaona vilima vya kijivu visivyo na mti, na huchukua muda kuelewa kwamba si vilima, ni udongo uliopinduliwa. Fosfati inachimbwa hapa tangu mwaka 1921, chini ya ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka mmoja kabla. Camille Arambourg, Mfaransa mtaalamu wa visukuku, alitoa mwaka 1952 kitabu kikubwa juu ya wanyama wenye uti wa mgongo waliotoka kwenye migodi hii na ya Algeria na Tunisia, na mpaka leo wataalamu bado wanakirejelea.

Fosfati ile inakuwa mbolea. Nilipofika pale nikamfikiria bibi yangu wa Muheza na ndoo yake ya mbolea ya kupandia, kwa sababu mbolea ya Morocco inafika mpaka kwetu. Jino lisilookotwa linapita kwenye mashine pamoja na udongo wake. Sikuweza kulitoa wazo hilo kichwani siku nzima: kwamba punje ya papa wa miaka milioni 50 inaweza kuwa imeingia kwenye muhindi nilioula.

Duka halina bango. Ni chumba cha mbele cha nyumba, mlango wa kijani, na mwenyewe ni mzee wa makamo ya baba yangu. Hakutaka jina lake liandikwe mahali, nami namheshimu. Alituweka chini, akatuletea chai ya nanaa kabla ya kuonyesha chochote. Mimi nilimwita Haji na yeye akaniita binti, na Kifaransa changu na Kiarabu chake vilipokwama tukakutana kwenye maneno. Alisema "siniya", nikasema kwetu ni sinia. Akacheka, akayaita masinia yake kwa Kiswahili jioni nzima.

Masinia yalikuwa matatu, na hapo ndipo duka hili lilipopata nyota zake. La kwanza lilikuwa na meno ambayo hayajaguswa, yameoshwa tu. La pili, meno yaliyovunjika yakaunganishwa kwa vipande vyake yenyewe. La tatu, meno yenye taji la kweli na mzizi wa kutengenezwa. Alisema hivyo mwenyewe kabla sijatoa lenzi. Hili la tatu ndilo lilikuwa na meno makubwa na mazuri kuliko yote, na ndilo la bei ya chini kwa ukubwa wake. Nikamuuliza kwa nini mizizi inatengenezwa sana. Akachukua jino bichi kutoka kwenye ndoo, lenye udongo wake, akabonyeza mzizi kwa kidole gumba. Ukatoka unga. Taji ni gumu kama kioo, lakini mzizi umekaa kwenye fosfati laini mamilioni ya miaka na umelainika nayo. Ukichimba kwa haraka unabaki na taji. Watalii hawataki taji tupu, kwa hiyo mtu anachanganya gundi na unga ule ule wa fosfati, anafinyanga mzizi. Akanionyesha na kopo la gundi, bila aibu yoyote. Alisema kutengeneza si dhambi, dhambi ni kunyamaza.

Nilitumia saa nzima kwenye sinia la kwanza. Niwaambie nilichokuwa natafuta, kwa sababu ndicho kitakachowasaidia. Rangi ya mzizi na ya taji zitofautiane kidogo, mzizi huwa mkavu na umepauka zaidi. Kati yake kuna ukanda mwembamba uliopinda kama nyusi upande wa ndani wa jino. Uwe na kingo zilizochakaa kiasili, usiwe mstari. Vijino vya pembeni viwe vimeota kutoka kwenye taji lile lile, ukifuata gamba kwa lenzi lisikatike popote. Uzito nao: lenye gundi nyingi ni jepesi kwa ukubwa wake, na ukiligonga taratibu kwenye meno yako mwenyewe linatoa sauti ya plastiki. Jiwe linasema "ti". Kuhusu vile vibamba vya mchanga vyenye meno sita saba yamepangwa vizuri, vingi vimepangwa na mtu. Haji mwenyewe alikiingiza kimoja kwenye beseni la maji, na tulipomaliza glasi ya pili ya chai kilikuwa kimeyeyuka chote, meno yamelala chini.

Nililochagua lilikuwa limeachwa pembeni. Taji lina rangi ya chai ya maziwa, linageuka kuwa la kijivu karibu na ncha. Limelala kushoto. Mzizi una mikono miwili, mmoja mfupi kidogo. Na kwenye ncha pana pengo dogo, upana wa punje ya mchele, kwa sababu hiyo watu walikuwa wanalipita. Aliniambia dirhamu 150, nikamwomba 120, akaafiki bila mzozo. Meno mengine ya sinia lile, yasiyo na pengo na ya ukubwa huo, alikuwa anataka 250 hadi 400 kufuatana na rangi.

Sasa nyota iliyokosekana. Alifunga jino kwa karatasi ya gazeti moja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na zawadi ya vimeno vidogo kumi na viwili. Nilipofika Casablanca kijino cha pembeni cha kulia kilikuwa kimevunjika ncha, kimegongana na wenzake mfukoni. Kipande chake nilikipata kwenye mkunjo wa gazeti, kidogo kama kucha ya mtoto. Kitu kilichokaa ardhini zaidi ya miaka milioni 50 kikavunjika kwenye teksi. Nilikaa kitandani nikalishika kwa muda mrefu. Ningeweza kukibandika, mikono yangu imefundishwa kazi hiyo, lakini sikutaka gundi igusane na jino hili. Kipande nimekiweka kwenye chupa ndogo. Nanyi mkienda, bebeni pamba na kopo la plastiki lenye kifuniko, kila jino na kopo lake. Duka halipokei kadi, na risiti Haji aliandika nilipoomba tu. Ombeni. Kuvitoa visukuku nje ya Morocco kunahitaji kibali cha serikali, na ni vizuri uwe na karatasi ya mahali uliponunua. Langu bado liko Casablanca, nafuatilia kibali, na kaka yangu amevumilia kwa picha.

Kwa hiyo baba ameliona kwenye simu tu. Nilimpigia jioni ya Jumapili, mama ameshika simu kwa sababu baba huwa anaishika sikioni hata kama ni video. Nikaliweka jino kwenye kiganja karibu na kamera. Hakusema kitu kwanza. Halafu akaniambia, "Ligeuze." Nikaligeuza. "Tena." Akataka kuuona upande wa ndani, ule uliovimba. Mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari, miaka milioni ngapi, mita ngapi, nani alilipa jina. Yeye akauliza, "La juu au la chini?"

Sikuwa nimejiuliza. Baba akanieleza kwa mikono yake, mama akifuata na simu: papa wa kuuma anashikia kwa ya chini na kukatia kwa ya juu, kwa hiyo ya chini ni membamba yamesimama, ya juu ni mapana. Hili ni pana, la juu. Na limelala, basi si la mbele, ni la pembeni, limelalia kwenye kona ya mdomo. Mwaka mzima nimesoma juu ya meno ya namna hii, na mvuvi wa Deep Sea, kule kwetu Tanga, alilirudisha hili kwenye taya lake kwa dakika mbili.

Kisha akauliza kuhusu mapengo. Nikamwambia la pembeni limevunjika kwenye teksi, ni kosa langu. Akasema hilo ameliona, ni jeupe. "Lile la nchani je?" Nikachukua lenzi. Pale kwenye ncha pamevunjika, ndiyo, lakini kingo za mvunjiko zimesuguliwa zikawa laini, na ndani yake pana rangi ile ile ya kijivu ya taji zima. Halikuvunjwa na mchimbaji wala na Haji. Lilikuja nalo.

Nikamwambia baba.

"Basi hiyo," akasema, "aliuma kitu kigumu. Na hakuliacha siku ile ile, aliendelea kulitumia."